Rafiki Asiyeagwa: Sinema ya «Mississippi Masala» na Nyumba Zetu



Siku ile tulitundika shuka nyeupe ukutani, tukaziba madirisha kwa mikeka ili giza liingie, na kijana mmoja aliyetoka Lubumbashi akawasha mashine yake ya kuonyeshea picha. Watu wazima wa parokia walijaa. Watoto tuliwatuma nyumbani, na sababu yake tutaieleza mbele. Maneno ya sinema yalikuwa ya Kiingereza, yenye maandishi ya Kifaransa chini ya picha. Kijana yule akatufasiria kwa Kiswahili mpaka sauti ikamkauka. Ilipokwisha, watu wakaanza kuzungumza: huyu juu ya nguo za Wahindi, yule juu ya magari ya Marekani, mwingine juu ya harusi. Ndipo mama mmoja mzee, aliyekaa nyuma karibu na mlango, akauliza: «Mwalimu, na yule Okelo, hakuwa na mke? Hakuwa na watoto?»

Hatukuwa na jibu. Tulirudi nyumbani na swali lile, nalo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya.

Habari ya sinema

Sinema inaitwa «Mississippi Masala». Ilitolewa mwaka 1991, nayo ni kazi ya Bibi Mira Nair, mwanamke aliyezaliwa Uhindi. Hadithi iliandikwa na Bibi Sooni Taraporevala. Mississippi ni jimbo la kusini mwa Marekani, na masala ni mchanganyiko wa viungo vya mchuzi. Si sinema mpya, lakini ukweli wake haujazeeka. Tena sehemu za Uganda zilipigwa huko huko Kampala, wala si mahali pengine palipopambwa kufanana nayo. Bibi Nair alipokuwa akitafuta habari za kazi hii alikutana na Mahmood Mamdani, mwalimu wa chuo kikuu, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amefukuzwa Uganda mwaka 1972, baadaye wakaoana. Basi aliyetengeneza sinema alisikia mambo haya kwa watu walioyapata.

Kwanza yafaa tukumbuke mambo yalivyokuwa. Tarehe 25 Januari 1971 jenerali Idi Amin alitwaa utawala wa Uganda kwa bunduki. Tarehe 4 Agosti 1972 akatangaza kwamba Wahindi na watu wengine wa Asia waondoke, akawapa siku 90. Wengi wao walizaliwa Uganda, na baba zao kabla yao. Zaidi ya 27,000 walikwenda Uingereza. Wengine walitawanyika Uhindi, Kanada, Marekani na kwingineko. Nyumba, maduka na mashamba yao yalibaki.

Sinema inaanza katika siku za mwisho za muda ule. Jay ni mwanasheria, Mhindi aliyezaliwa Uganda. Mkewe anaitwa Kinnu, na binti yao mdogo ni Mina. Okelo ni Mwafrika, rafiki wa Jay tangu utoto, nao walikua kama ndugu wa tumbo moja. Jay amesema maneno makali juu ya Amin mbele ya redio ya Waingereza, akakamatwa. Okelo ndiye aliyehangaika hata akatolewa. Kisha Okelo anamwambia rafiki yake aondoke, maana Afrika sasa ni ya Waafrika, yaani Waafrika wa ngozi nyeusi. Neno hilo linamchoma Jay kama mkuki. Siku ya safari Okelo anakuja nyumbani kuwaaga. Kinnu anamwaga, Mina anamwaga, lakini Jay anageuza uso. Anaondoka pasipo kumpa mkono.

Katika njia ya Entebbe askari wanasimamisha basi, wanamshusha Kinnu, wanapekua mizigo yake, wanamnyang'anya mkufu wake. Kisha ndege. Kisha Uingereza kwa miaka kadhaa. Halafu sinema inaruka mpaka mwaka 1990, katika mji mdogo wa Greenwood huko Mississippi, ambako jamaa zao wana nyumba za wageni kandokando ya barabara kuu. Kinnu, aliyekuwa bibi wa nyumba kubwa, sasa anauza pombe dukani. Jay anaandika barua juu ya barua kwa serikali ya Uganda ili arudishiwe mali yake. Mina amekuwa msichana mkubwa, na anampenda Demetrius, Mmarekani mweusi ambaye kazi yake ni kusafisha mazulia. Wazazi wanapojua, nyumba inawaka moto.

Utawala wa mabavu huingia kwa mlango gani?

Sinema nyingine juu ya Uganda wa siku zile, «The Last King of Scotland» ya mwaka 2006, inamfuata Amin mwenyewe, kicheko chake na ukatili wake. Mchezaji aliyeshika nafasi ya Amin, Bwana Forest Whitaker, alipewa tuzo kubwa ya Marekani kwa ajili yake. Ni picha yenye nguvu, lakini mtu aweza kuitazama na kusema: «Huyo alikuwa mwendawazimu mmoja, amekwisha kufa.» Maana Amin alikimbia mwaka 1979, majeshi ya Tanzania na Waganda wenzao yalipoingia Kampala, akafa Arabuni mwaka 2003. Tukimtazama yeye tu, tunajiona salama.

Bibi Nair hakumfuata Amin. Alikaa nyumbani kwa Jay. Katika jambo hili twamsifu sana, maana ametuonyesha kitu ambacho vitabu vya historia hukipita upesi. Amin alichukua nyumba ya Jay, shamba lake la maua na kazi yake. Lakini zaidi ya hayo alichukua nafasi ya kuelewana. Tulifikiri neno lile la Okelo. Je, alisema kwa sababu alikubaliana na Amin? Au kwa hofu? Au alisema kwa kumpenda, akijua kwamba Jay ni mkaidi na hataondoka mpaka aumizwe moyo? Zamani za amani Jay angekuja kesho yake, angekaa kwenye kiti, angeuliza: «Ndugu yangu, ulikuwa na maana gani?» Wangegombana, wangelia, wangekunywa chai. Lakini walipewa siku 90 tu, na siku 90 zilikuwa zimekwisha. Neno moja lililohitaji mazungumzo ya mwezi mzima likabaki limekwama kooni miaka kumi na minane.

Twasadiki Okelo alisema kwa kumpenda. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Na nani alimfaa Jay katika dhiki kama Okelo? Tena alikuwa na sababu ya kuogopa. Tarehe 21 Septemba 1972 Bwana Benedicto Kiwanuka, jaji mkuu wa Uganda na Mkatoliki mwenzetu, alikokotwa na askari kutoka mahakamani mchana, wala hakuonekana tena. Mwezi wa Januari 1973 Padri Clement Kiggundu, mwandishi mkuu wa gazeti la Kikatoliki «Munno», aliuawa. Mwaka 1977 akauawa Askofu Mkuu Janani Luwum wa Waanglikana. Ikiwa jaji mkuu alichukuliwa hivyo kutoka kitini pake, mwanasheria wa Kihindi aliyekwisha kumtukana Amin angesalimika namna gani? Sinema haiyasemi haya. Mtazamaji asiyeyajua anaweza kufikiri Okelo ni mtu baridi. Sisi twapenda wasomaji wayajue, ili wamhukumu Okelo kwa haki.

Wazazi na binti

Sehemu ya Marekani wengine wataiona kuwa hadithi ya mapenzi tu. Kwetu ni funzo kwa wazazi. Jay na Kinnu walifukuzwa kwa sababu ya ngozi yao. Tungetazamia kwamba watu walioonja uchungu huo hawatamwonjesha mtu mwingine. Lakini binti anapomleta kijana mweusi, ukoo mzima unashika kichwa. Demetrius anamjibu Jay kwa maneno makali: kwamba Wahindi walipofika Marekani walianza kujiona kama Wazungu na kuwadharau watu weusi kama wanavyodharauliwa na Wazungu.

Hapa sinema inasema kweli ngumu, tena haimpendelei mtu. Mateso peke yake hayamfanyi mtu kuwa mwema. Mtu aweza kutoka katika taabu akiwa na huruma, au aweza kutoka akiwa na kidonda anachokilinda kwa fimbo. Jay ana kidonda cha namna hiyo. Anasema anamkinga binti yake na dunia mbaya. Lakini kwa kweli anamkataza kwa sababu yeye mwenyewe hajapona. Barua zake kwa serikali ya Uganda zinadai nyumba. Hakuna barua hata moja tuliyoiona inayomtafuta Okelo.

Tusiyoyaridhia

La kwanza ni jepesi kulisema. Mina na Demetrius wanalala pamoja kabla ya ndoa, na sinema inaonyesha zaidi ya inavyohitaji. Ndiyo sababu tuliwatuma watoto nyumbani. Tunawashauri mapadri na viongozi wa jumuiya waionyeshe kwa watu wazima tu, na baada yake waongoze mazungumzo.

La pili ni zito, nalo ni lile swali la mama mzee. Mwishoni Jay anarudi Kampala kwa ajili ya kesi ya nyumba yake. Anamtafuta Okelo. Anaambiwa kwamba Okelo aliuawa tangu mwaka 1972, yaani wakati ule ule walipoachana. Jay anakwenda kuitazama nyumba yake ya zamani, imechakaa. Anasimama mahali ambapo watu wanacheza ngoma, anambeba mtoto mdogo, na mtoto anamgusa shavu. Anamwandikia mkewe kwamba makao yake ni pale alipo yeye. Ni mwisho mzuri, wenye machozi. Lakini Okelo amekufa kwa sentensi moja. Aliuawa wapi? Ni kwa sababu alimsaidia Mhindi? Nani alimzika? Mkewe, kama alikuwa naye, alilala wapi usiku ule? Sinema ilimhitaji Okelo ili Jay ajifunze kitu. Ilipokwisha kumtumia ikamwacha kaburini pasipo jina la mzazi wala mtoto.

Na Okelo ndiye Uganda. Baada ya Wahindi kuondoka, waliobaki ndio waliobeba mzigo. Maduka yaligawiwa maaskari na rafiki zao, ambao watu waliwaita «mafuta mingi». Rafu zikawa tupu. Sukari, chumvi na sabuni vikawa vitu vya magendo. Maelfu kwa maelfu waliuawa katika miaka minane. Mtu aliyefukuzwa alipoteza nchi, ni kweli. Lakini yuko hai, naye asimulia. Aliyebaki akauawa hana wa kumsimulia ila akisimuliwa na rafiki.

Iko sinema nyingine iliyofanya kile ambacho hii haikufanya. Inatoka Brazili, nayo inaitwa «Ainda Estou Aqui». Imetengenezwa na Bwana Walter Salles mwaka 2024, na mwaka 2025 ilipewa tuzo ya Marekani ya sinema bora ya nchi za nje. Ni habari ya kweli. Tarehe 20 Januari 1971, siku tano tu kabla ya Amin kutwaa Uganda, watu wa utawala wa kijeshi wa Brazili walimchukua Bwana Rubens Paiva kutoka nyumbani kwake Rio de Janeiro. Hakurudi. Mkewe, Bibi Eunice, alibaki na watoto watano. Akasomea sheria, akadai ukweli, na mwaka 1996 ndipo serikali ilipompa cheti cha kifo cha mumewe. Sinema ile inakaa pamoja na mke nyumbani baada ya gari kuondoka: meza, picha, watoto, kiti kitupu. Mama yetu mzee hakuwa ameiona, lakini ndiyo aliyoiomba. Alitaka mtu amtengenezee sinema mke wa Okelo.

Na sisi je?

Msidhani tumeyaandika haya ili kuwasengenya Waganda. Mwaka ule ule wa 1972 sisi Wakongo tulikatazwa majina yetu ya ubatizo. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yachukuliwe, wakapewa watu wenye jamaa serikalini; na wazee wetu wakumbuka jinsi maduka yale yalivyokauka baada ya muda mfupi. Tena mwaka 1973 maziwa mawili ya mpakani yalibatizwa upya: ziwa Albert likaitwa Mobutu, na ziwa Edward likaitwa Idi Amin. Majina hayo yameondoka pamoja na wenyewe, lakini mazoea waliyotufundisha hayakuondoka upesi.

Maana katika miaka ya 1992 na 1993, Mobutu akiwa bado rais, hapa Katanga kwetu, iliyoitwa Shaba siku zile, lilisikika neno kama lile la Okelo, lakini halikusemwa kwa upendo: kwamba nchi hii ni ya wenyeji tu. Ndugu zetu Wakasai, wengi wao waliozaliwa hapa, walifukuzwa Likasi, Kolwezi na kwingine. Walikaa katika vituo vya gari la moshi juma kwa juma, pamoja na magodoro na masufuria, wakingoja gari la kwenda Kasai. Wengi walikufa njiani na vituoni, hasa watoto. Hawakuwa watu wa mbali. Walikuwa waalimu wetu, wafanyakazi wenzetu wa migodini, waimbaji wa kwaya moja nasi, wasimamizi wetu wa ubatizo. Sisi tunaoandika tulikuwa wadogo sana, hatukuyaona kwa akili. Lakini tumekua kati ya watu walioyaona, na tunajua jinsi wanavyonyamaza yanapotajwa.

Wako waliowaficha jirani zao chumbani, na Mungu anawajua. Wako waliochukua mabati na milango. Na wako wengi kupita wote, ambao hawakuficha mtu wala hawakuiba kitu: walifunga mlango, wakangoja kelele zipite. Hao ndio wanaofanana na Jay. Kosa lao ni mkono usionyooshwa.

Sisi wa Mitwaba hatuna ruhusa ya kujifanya hatujui. Vita vya Mai-Mai vilipowaka huku, miaka ya 2005 na 2006, watu wetu wenyewe walikimbia na mizigo kichwani, wakalala chini ya majani, wakategemea nafasi katika ua wa mtu asiyewajua. Tulionja ugeni katika nchi yetu. Basi tuulizane kama sinema ilivyotuuliza kwa habari ya Jay: uchungu ule umetupa huruma, au umetupa fimbo?

Jay alikwenda Kampala akiwa amechelewa miaka kumi na minane. Bwana wetu Yezu Kristu alitufundisha kwamba mtu aliye altareni na sadaka yake, akikumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache pale kwanza, aende apatane naye. Hakutuambia tungoje kesi ya nyumba iishe. Kwa hiyo twasema: itazameni sinema hii, ina makosa, lakini ina faida, na mkitoka ukumbini msizungumze juu ya nguo na magari tu.

Yule mama mzee alitujia siku tatu baadaye. Alitueleza kwamba mwaka 1992 alikuwa Likasi na mumewe. Mke wa jirani, Mkasai, alikuwa amemsaidia kuzaa watoto wake wawili. Asubuhi ile walipokuwa wakitoka na mizigo, mama yule wa Kikasai aligonga mlango ili kuaga. «Mwalimu, vijana walikuwa njiani wakitazama nani ni rafiki ya nani. Sikufungua.» Akaomba tumwandikie barua. Tuliiandika kama alivyosema, kwa Kiswahili, pasipo kuongeza neno letu: majina ya watoto wale wawili, umri wao sasa, na kwamba mlango aliusikia ukigongwa. Dereva mmoja wa lori aliichukua kuelekea Mwene-Ditu, ambako jamaa za mama yule walikuwa wakikaa zamani. Jibu halijafika. Kila Jumapili mama anatuuliza, nasi twamwambia bado.